Mume na Mke Wapanga Safari ya Rwenzori

Kwetu Butembo mtu akisema, "Nasafiri," majirani humwuliza maswali matatu tu: waenda kununua mali, waenda kuzika, ama mwakimbia? Wafanyabiashara huenda Kampala, na wale wenye mtaji mkubwa hufika hata Dubai na Guangzhou. Jamaa za marehemu hupanda lori usiku ili wawahi maziko. Na wakimbizi, hao tumewaona mno, wakipita njiani na magodoro vichwani. Lakini mume na mke kukaa mezani na kupanga safari ya kwenda nchi ya jirani, watazame mlima na maziwa, walale hemani siku tatu, kisha warudi pasipo bidhaa hata moja, jambo hilo halina jina katika mazungumzo yetu. Mimi na mke wangu twalipanga jambo hilo sasa. Kwa kuwa wengi wametuuliza habari zake, wengine kwa kucheka na wengine kwa kutaka kweli kujua, naona yafaa niwaeleze wasomaji.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kila mwaka nauchora mlima Rwenzori ubaoni. Nawaambia wanafunzi kwamba kilele chake cha Margherita chafika meta 5,109, kwamba ni mlima wa tatu kwa urefu katika Afrika, baada ya Kilimanjaro na mlima Kenya, na kwamba Mtawala wa Abruzzi, Mwitalia, alikuwa wa kwanza kukifikia kilele hicho, mwezi wa Juni 1906. Wanafunzi huandika, nami hufuta ubao. Asubuhi nyingine, mvua ikiisha kunyesha usiku, mtu aliye Beni aweza kuiona theluji yenyewe kwa mbali, kama nguo nyeupe iliyosahauliwa juu ya kamba. Kisha mawingu hufunga. Tena theluji hiyo yapungua. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilienea zaidi ya kilometa mraba 6. Kufikia mwaka 2003 haikutimia hata kilometa mraba 1, na wachunguzi walioipima walikisia kwamba yaweza kwisha kabisa katika miaka ipatayo 20. Jioni moja nilikuwa nikimweleza mtoto wetu mkubwa habari hiyo. Mama yake, aliyekuwa akichambua maharagwe, akainua kichwa akaniuliza, "Baba Watoto, basi twangoja nini?"

Swali lake lilikuwa na historia. Tulifunga ndoa mwaka 2016, na fungate hatukuwa nayo. Mauaji ya vijiji vya Beni yalikuwa yamekwisha kuanza tangu Oktoba 2014, na mwezi wa Agosti 2016 yakatokea yale ya Rwangoma, mjini Beni penyewe. Nani angefunga mzigo kwenda kutembea? Tukasema, mwaka ujao. Tarehe 1 Agosti 2018 ikatangazwa Ebola, nayo haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Tukasema tena, mwaka ujao. Mwezi wa Mei 2021 mkoa wetu ukawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Hivyo kila mwaka ujao ulikuja na jambo lake, na watoto wakawa watatu.

Wengine wametuuliza, "Kwa nini mvuke mpaka, na mlima ni wetu pia?" Ni kweli, ni wetu. Sehemu yake ya magharibi imo katika Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na hiyo ndiyo mbuga ya taifa ya kwanza katika Afrika nzima. Zamani za Wabeligiji wapanda mlima walianzia Mutwanga, wakalala katika vibanda vya Kalonge na Mahangu, wakaendelea juu kupitia misitu ya mianzi. Wazee wa Mutwanga wangali wakisimulia habari za wapagazi. Lakini misitu ile ya chini imekuwa maficho ya watu wenye silaha, na mwenye watoto hachezi na jambo hilo. Kwa hiyo sisi tuliozaliwa mbele ya mlima hatuna budi kuuzunguka na kwenda kuutazama kutoka ua wa jirani.

Na jirani mwenyewe ni ndugu. Bakonzo wa Kasese na sisi Banande lugha yetu ni moja, kwa tofauti ndogo ndogo tu. Mpaka uliotutenga ulipatanwa na Wazungu mwaka 1910. Kabla ya hapo, na hata baadaye, wazee wetu walikwenda kwa miguu kutafuta chumvi ya Katwe, kando ya Ziwa Edward, wakalala porini njia nzima. Nilipomkumbusha baba yangu mdogo habari hiyo, baada ya yeye kusema kwamba kulala nje kwa kupenda ni desturi ya Wazungu, alicheka akasema, "Walilala nje kwa sababu ya chumvi, mwanangu. Wewe utaleta nini?" Sikuwa na jibu zuri, nami bado sina. Nimemwahidi chumvi.

Njia yenyewe si ndefu. Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54 kwa Barabara ya Taifa namba 2. Kutoka Beni mpaka Kasindi ni kilometa 80 hivi. Hapo waifuata namba 4, wavuka mto Semliki na kupita Bulongo. Vipande hivi viwili vimo katika mapatano ya kujenga barabara ambayo Marais wa Kongo na Uganda waliyazindua pale mpakani mwezi wa Juni 2021. Kasindi wafikia mto Lubiriha, ndio mpaka. Ng'ambo ni Mpondwe na mji wa Bwera. Kutoka hapo lami yaenda kilometa 38 hivi mpaka Kikorongo, yaungana na barabara kuu ya Kasese, na kutoka Kasese mpaka Fort Portal ni kilometa 75. Ukijumlisha yote hazifiki 300. Mtu wa Ulaya angezimaliza kabla ya chakula cha mchana. Sisi tumezipangia siku mbili, na huenda zikawa tatu.

Kabla ya Kasese barabara yakata mstari wa Ikweta, na kuna alama ya duara ambapo wasafiri hupigwa picha, mguu mmoja kaskazini na mguu mmoja kusini. Mke wangu aitaka picha hiyo. Nilimwambia kwamba Ikweta yapita hapa hapa kwetu pia, kusini kidogo ya Butembo kabla hujafika Lubero, na kwamba tumeivuka mara nyingi tukienda kuwaona jamaa, wala hakuna aliyetupiga picha. Akajibu kwamba ndiyo sababu.

Motokaa yetu ni Toyota ndogo ya zamani. Kama nyingi za hapa, ilikuja kwa njia ya Mombasa, na usukani wake uko upande wa kuume. Katika Kongo twaendesha upande wa kuume wa barabara, kwa hiyo dereva wetu siku zote huketi ukingoni, na akitaka kulipita lori humwuliza aliye kushoto kwake, "Njia ni tupu?" Miaka hii yote mke wangu amekuwa macho yangu. Uganda waendesha upande wa kushoto. Huko motokaa itakuwa kwao hatimaye, nami nitaona njia mwenyewe, ila mazoea yangu yatanivuta upande usio wake. Tumepatana kwamba tukiisha kuvuka Lubiriha ataendelea kuniambia, si kwamba njia ni tupu, bali neno moja tu, "Kushoto," kila tutokapo katika kituo cha petroli au penye njia panda. Pia saa ya huko yatangulia ya kwetu kwa saa moja. Atokaye Beni asubuhi na kufika mpakani saa sita, ng'ambo ataambiwa ni saa saba, na jua la kusafiria limepungua.

Juu ya hati nitasema kwa kifupi. Pasipoti mbili, kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, na kadi nyingine ya manjano, ile ya bima ya motokaa iliyowekwa na nchi za COMESA, ambayo hukubaliwa huku na huku. Mke wangu amezitia katika bahasha mbili zenye rangi mbalimbali, maana aliwahi kumwona mtu akimpa askari wa barabarani kadi ya chanjo na kumpa mganga kadi ya gari. Tena Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na katika mbuga za Uganda raia wa Jumuiya hulipa kiingilio kwa shilingi, wageni wa mbali kwa dola. Basi mwenye kwenda achukue hati yake ya uraia, asiiache nyumbani kwa kuogopa kuipoteza.

Fedha twaziweka katika mkebe wa maziwa ya unga, juu ya kabati. Mkebe huo umekwisha kumwagwa mara moja. Katikati ya mwaka 2024 vita vya M23 vilipofika Kanyabayonga, jamaa za mke wangu walikuja kutoka kusini ya Lubero, watu tisa, wakakaa kwetu miezi mingi. Tuliufungua mkebe juma la pili. Hakuna aliyeuliza kama yafaa. Walipopata pa kukaa tukaanza tena na likelemba ya walimu, na tumepatana waziwazi kwamba wakija tena, utafunguliwa tena. Nalisema hili kwa ajili ya vijana wachumba waliosikia habari zetu na kudhani kwamba walimu wana hazina.

Sasa nije kwenye hema, kwa maana hapo ndipo tulipozungumza zaidi kuliko mahali pengine pote.

Mimi nilitaka tulale katika nyumba za wageni. Kasese zipo, na Fort Portal zipo. Aliyetaka hema ni mke wangu. Lazima mjue kwamba yeye ni mtu wa pande za Mbau. Mwezi wa Novemba 2014 alikimbia pamoja na wazazi wake, wakafika Beni, wakakaa miezi mitatu katika uwanja wa shule, chini ya turubai. Mvua ilipopiga, maji yalipita chini ya mikeka. Watoto wa wengine walikohoa usiku kucha, na kila mtu alijua kikohozi ni cha nani. Katika miaka kumi ya ndoa hajanisimulia habari hizo zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo aliposema, "Nataka hema," nilidhani nimesikia vibaya.

Mama mkwe alilichukua neno hilo kwa uchungu. Alikuja Jumapili baada ya Misa, akakaa, akanywa chai, akasema, "Watoto wa watu wanalala turubaini pasipo kupenda, hata leo. Nanyi mwataka kwenda kulilipia?" Nawaambieni kweli, wasomaji, swali hilo ni zito. Anayelicheka hajapita Beni. Ukiiona kambi ya wakimbizi kando ya barabara, halafu ukiona katika karatasi ya watalii picha ya hema karibu na ziwa, na Mzungu ameketi mbele yake na kikombe cha kahawa, waona ni kitu kimoja kwa umbo: kitambaa, kamba na vigingi. Mama mkwe hakuona tofauti, na mimi nilikuwa upande wake.

Mke wangu hakujibu upesi. Alipojibu alisema, "Mama, lile turubai sikulifunga mimi. Tulilikuta limefungwa, na tulipoondoka tuliliacha limefungwa, wakaingia wengine. Hili nitalifunga mwenyewe jioni. Asubuhi nitakayoipenda nitalikunja mwenyewe, nitalitia motokaani, nirudi kwangu." Akaongeza, kwa sauti ya chini, "Nataka kujua kama naweza kusikia mvua juu ya kitambaa nisiogope."

Mama mkwe alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza kama Fort Portal kuna baridi. Nikamwambia ipo, ingawa si kama ya Butembo. Akasema tuchukue blanketi lake, lile zito.

Tangu siku hiyo nyumba za wageni zimebaki kwa usiku wa kwanza na wa mwisho tu. Hema tutalipiga kando ya Ziwa Nkuruba, mojawapo ya maziwa madogo yaliyozaliwa katika mashimo ya volkano kusini ya Fort Portal. Limezungukwa na msitu, mbega wanakaa mitini, na pana mahali palipotengwa kwa wenye mahema. Nilifikiri kwanza juu ya Mweya, penye mlango wa maji wa Kazinga, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Lakini huko viboko hutoka majini usiku kula majani, hupita katikati ya mahema kana kwamba ni njia yao, na kwa kweli ni njia yao. Mke wangu ataka kuijaribu mvua. Viboko havikuwamo katika maneno yake. Kazinga tutakwenda mchana, tupande mashua, tuwaone wakiwa majini.

Lipo jambo jingine ambalo hatukulipitia haraka. Ile mbuga ya Queen Elizabeth, ambayo barabara ya Kikorongo yaipitia, ndiyo ambamo tarehe 17 Oktoba 2023 mume na mke waliokuwa katika fungate yao waliuawa pamoja na mwongozi wao Mganda, na gari lao likachomwa moto. Mwezi wa Juni wa mwaka huo huo, usiku, shule ya sekondari karibu na Mpondwe ilishambuliwa, wakafa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Wauaji ni wale wale tunaowajua sisi. Siku nilipozisoma habari za fungate ile nilikuwa darasani, na nilikunja gazeti nisije nikaulizwa. Tulipoanza kupanga safari, nilimwambia mke wangu kwamba asiyeyataja hayo hapangi safari, anaota. Naye akasema kwamba anayetaja hayo tu hatatoka nyumbani, na nyumbani kwenyewe si mbali na hayo.

Basi tuliandika maagano ya kurudi, katika daftari la mtoto. Kwanza, siku mbili kabla ya kuondoka tutaulizia habari za barabara Beni na Kasindi kwa watu wanaoipita kila juma, yaani madereva wa malori na wauzaji wa samaki, wala si kwa wapenda habari wa sokoni. Pili, baada ya saa tisa mchana motokaa haitembei, hata kama zimebaki kilometa kumi. Tatu, katika mbuga hatuachi barabara kuu, ila kwa kwenda Mweya mchana, na tukiambiwa mlangoni tungoje, twangoja. La nne ndilo lililotuchukua jioni nzima. Mke wangu alitaka kwamba mmoja wetu akisema, "Turudi," tugeuze motokaa papo hapo, na asiulizwe sababu mpaka tumefika nyumbani. Mimi niliona kwamba sababu ni haki ya mwenziwe, maana fedha ni za wote na safari ni ya wote. Akasema, "Mwaka 2014 baba alimwuliza mama sababu. Mama alikuwa amesikia mbwa wamenyamaza. Walikuwa wakibishana bado tuliposikia mengine." Nikaandika la nne kama alivyotaka, tukatia sahihi wote wawili, na mtoto wetu akadai atie yake kwa kuwa daftari ni lake.

Yamebaki machache. Tutaondoka katika likizo kubwa, juma la pili la Julai, wakati mvua zimepungua na mawingu ya mlimani huenda yakatuhurumia asubuhi moja. Watoto watakaa kwa dada yangu huko Maboya, na yeye ameomba alipwe kwa kitenge cha Kasese. Breki za mbele zimebadilishwa. Hema limeagizwa Kampala kwa mfanyabiashara wa mtaani kwetu, ambaye aliandika katika kitabu chake "turubai," mke wangu akamwomba afute na kuandika upya. Liwe la kijani. Jeupe amelikataa.

Tunachohitaji bado ni habari moja. Ikiwa kuna msomaji wa pande za Kasese au Fort Portal aliyewahi kulala kando ya Ziwa Nkuruba, twamwomba atuandikie kwa anwani ya gazeti hili kabla ya mwisho wa Juni, atuambie kama kuni zauzwa pale pale, ama tuchukue makaa kutoka Bwera.